Mabomba ya Mto Nairobi yanajengwa, lakini tope litapelekwa wapi?

UKIVUTA maji chooni leo asubuhi, na ikiwa ploti yenu ni miongoni mwa zile zilizounganishwa na bomba la majitaka jijini Nairobi, kuna uwezekano mkubwa mzigo wako unaelekea Ruai, karibu kilomita 30 mashariki mwa jiji. Huko kuna mabwawa makubwa ya kusafisha majitaka, yale yanayojulikana rasmi kama mtambo wa Dandora. Wengi wetu tunayafahamu kwa jambo moja tu: harufu inayoingia ndani ya matatu ukipita Barabara ya Kangundo. Unafunga dirisha, unaendelea na simu yako.

Lakini hebu tuulize swali ambalo huwa halitujii. Maji yakishasafishwa na kurudishwa mtoni, ule uchafu wenyewe uliotolewa ndani yake huenda wapi?

Haupotei. Unabaki kama tope zito, jeusi, lenye harufu kali. Kila mji unaosafisha majitaka unazalisha tope, na kadiri unavyosafisha vizuri ndivyo tope linavyoongezeka.

Tangu Machi 2025, Rais William Ruto alipozindua mpango wa Sh50 bilioni wa kufufua Mto Nairobi, mazungumzo yote yamekuwa kuhusu mabomba makuu ya majitaka, nyumba za bei nafuu kando ya mto, na maelfu ya vijana wa Climate WorX wanaozoa taka na kupanda miti. Ni kazi njema, na vijana wengi wamepata riziki hapo. Ila bomba ni njia tu. Ukipanua barabara ya kwenda sokoni bila kupanua soko lenyewe, umehamisha msongamano, hujaumaliza. Mto huu utapona au utabaki vile vile kutegemea tunachofanya na tope baada ya bomba kufika mwisho. Na shida kubwa ya tope, amini usiamini, ni maji.

Mtungi mmoja, gramu 400

Tope linapotoka kwenye matangi ya mtambo, kwa kawaida huwa na asilimia kati ya 1 na 4 pekee ya uchafu mkavu. Kilichobaki ni maji. Chukua mtungi wa lita 20, ule wa kawaida wa maji. Ukiujaza tope lenye asilimia 2 ya uchafu mkavu, ndani yake kuna takriban gramu 400 za uchafu halisi. Kilo 19 na zaidi ni maji matupu.

Sasa piga hesabu ya mji mzima. Tani 100 za tope la namna hiyo zina tani 2 tu za uchafu. Ukilibeba jinsi lilivyo kwa lori la tani 10, utaenda safari kumi. Ukilikamua hadi lifike asilimia 20 ya uchafu mkavu, zile tani 100 zinakuwa tani 10. Safari moja. Dizeli ya safari moja, dereva wa safari moja, shimo dogo zaidi la kutupia au uga mdogo zaidi wa kukaushia.

Tofauti hiyo ya safari kumi na safari moja ndiyo inayoamua kama tope litatunzwa au litamwagwa mahali usiku. Wenye malori ya kunyonya majitaka wanajua: safari ikiwa ndefu na mafuta yakiwa ghali, mtaro wa karibu unaanza kuonekana kama suluhisho. Kufanya jambo sahihi kusipokuwa na faida, sheria peke yake haitoshi.

Siri iko kwenye maziwa na ndimu

Basi si likamuliwe tu? Wapi! Jaribu kukamua tope kwa kitambaa, utaishia na kitambaa kilichoziba na mikono michafu. Chembe za tope ni ndogo mno, na nyingi zina chaji hasi ya umeme. Kwa kuwa zote zina chaji ya aina moja, zinafukuzana. Zinaelea kila moja kivyake, hazishuki chini, na zikisukumwa kwenye chujio zinaziba matundu. Isitoshe, bakteria waliomo hutoa utelezi unaoshika maji kama vile bamia inavyofanya.

Hapo ndipo kemia inaingia, na pengine umewahi kuiona jikoni. Ukikamulia ndimu kwenye maziwa ya moto, yanakatika: mabonge yanajikusanya upande mmoja na maji yake upande mwingine. Chembe za protini kwenye maziwa zina chaji hasi zinazozuia zisishikane. Asidi ya ndimu inaiondoa chaji hiyo, zinashikana, maji yanajitenga. Mimina kwenye kitambaa na yanachujika bila taabu.

Tope nalo hukatwa hivyo hivyo, ila kwa dawa nyingine. Kuna chumvi za madini kama feriki kloridi na shabu, ile ile shabu inayotumika kusafisha maji ya kunywa. Kuna chokaa. Na kuna polima, kemikali zenye nyuzi ndefu sana na chaji chanya. Uzi mmoja wa polima hushika chembe nyingi kwa wakati mmoja, kama kamba inavyofunga kuni. Tope lililokuwa uji linageuka mabonge yanayoelea kwenye maji, na maji yanaanza kukimbia yenyewe.

Baada ya hapo unachagua pa kulipeleka. Linaweza kuingizwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi kama ngoma ya mashine ya kufulia. Linaweza kubanwa kati ya mikanda miwili. Au linaweza kumwagwa juu ya vitanda vya mchanga na kokoto, maji yapenyeze chini na jua limalize kazi. Watu wengi hufikiri dawa ni ya mashine za kisasa pekee. La. Tope lililotiwa dawa hupitisha maji haraka zaidi hata kwenye kitanda cha kawaida cha mchanga, kwa hivyo kitanda kile kile kinaweza kutumika mara nyingi zaidi kwa mwezi.

Na kipimo? Polima hutumika kwa kawaida kati ya kilo 3 na 10 kwa kila tani moja ya uchafu mkavu. Kwa zile tani 100 zetu za tope, hiyo ni kilo 6 hadi 20. Yaani uzito wa pakiti tatu hadi kumi za unga wa ugali ndio unaotenganisha safari kumi za lori na safari moja.

Ardhi, dawa, au mto

Kwa muda mrefu miji yetu imetegemea njia moja: ardhi na jua. Mabwawa ya Ruai yalijengwa kwa wazo hilo. Majitaka yanaingia, yanapita bwawa moja hadi jingine polepole, bakteria, mwani na jua vinafanya kazi. Hakuna mashine nyingi, hakuna bili kubwa ya umeme. Kwa nchi yenye jua kama letu, ni wazo la busara.

Lakini mabwawa nayo hukusanya tope chini. Miaka ikipita bila kuondolewa, tope linapanda, nafasi ya maji inapungua, na majitaka yanapita haraka kabla hayajasafishwa vya kutosha. Kwa nje bwawa linaonekana limejaa vile vile, ila kazi yake imeshuka. Na tope likiondolewa, lazima likaushwe mahali. Kwenye vitanda vya mchanga bila dawa, hilo huchukua wiki kadhaa, na mvua za Machi hadi Mei zikianza unasubiri zaidi.

Kwa hivyo njia ya jua inadai ardhi kubwa. Na ardhi kubwa Nairobi, sote tunajua hadithi yake. Mwaka 2020 serikali ilibatilisha hatimiliki za ardhi kubwa Ruai iliyokuwa imetengewa upanuzi wa mtambo wa majitaka na ikaishia mikononi mwa watu binafsi. Mwezi Mei mwaka huo huo, katikati ya janga la Covid-19, maelfu ya wakazi wa Kariobangi walibomolewa nyumba zao, licha ya agizo la mahakama, kwenye ardhi iliyodaiwa kuwa ya kampuni ya maji karibu na mtambo mwingine wa majitaka. Watoto walilala nje kwenye baridi.

Tukitazama visa hivyo kama habari za unyakuzi na ubomozi tu, tunapitwa na jambo moja. Jiji ambalo linategemea ardhi kukausha tope lake litagombana na watu wake kuhusu ardhi daima. Mnyakuzi anaona uwanja mtupu, mpangaji wa jiji anaona vitanda vya kesho, na mama mboga aliyenunua kipande kwa akiba yake yote ndiye anayekutana na tingatinga saa kumi na moja asubuhi.

Kemia inapunguza shinikizo hilo, lakini haipunguzi bure. Inahamisha gharama kutoka kwenye ardhi hadi kwenye bajeti ya kila mwezi: polima ambazo kwa kawaida huagizwa kutoka ng'ambo kwa dola, umeme, vipuri, na mtu anayejua kupima. Ardhi unainunua mara moja. Dawa unainunua kila mwezi, mwaka huu, mwaka ujao, hata uchaguzi ukipita.

Na ikiwa hatutaki kutoa ardhi wala pesa za dawa, kuna mlipaji wa tatu, naye hajaulizwa. Mto Nairobi humwaga maji yake Mto Athi, Athi unakuwa Galana, Galana unakuwa Sabaki, na Sabaki unaingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Njiani kuna wakulima wa Machakos na Makueni wanaomwagilia sukuma wiki, na kuna Bwawa la Thwake ambalo hofu ya uchafu kutoka Nairobi imelizunguka tangu ujenzi ukiendelea. Tope ambalo jiji halikulilipia, wao wanalilipia kwa matumbo yao.

Dawa si muujiza

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi tumwage kemikali na mambo yatakuwa sawa. Kwa graundi mambo ni tofauti.

Kwanza, dawa ikizidi inaharibu. Ukiweka polima nyingi kupita kiasi, chembe zinavaa chaji chanya zote na kuanza kufukuzana tena, na utelezi unaongezeka. Umetupa pesa na tope halikamuliki. Ndiyo maana kipimo hutafutwa kwa jaribio la mitungi: unatia dozi tofauti kwenye glasi kadhaa za tope, unakoroga, unatazama ipi inakata vizuri. Ni jaribio la dakika chache, lakini lazima kuwe na mtu wa kulifanya kila mara. Tope halifanani. Lile la choo cha umma kinachomwagwa kila wiki bado ni bichi na ni gumu kukamua kuliko la tangi la septiki lililokaa miaka. Lori la asubuhi na lori la jioni huenda yakahitaji dozi tofauti.

Pili, kukamua maji si kuua vijidudu. Mayai ya minyoo yanaweza kukaa hai ndani ya tope kavu kwa miezi mingi. Atakayekuuzia kama mbolea kwa sababu tu limekauka anakuchezea. Hapa chokaa ina faida ya ziada: ikitiwa ya kutosha hadi pH ipande kufikia 12, huua vijidudu vingi. Tena ni bidhaa tunayoichimba na kuichoma wenyewe, kwa mfano Koru, Kaunti ya Kisumu. Kasoro yake ni kwamba hutumika kwa wingi, kwa hivyo inaongeza uzito wa tope lile lile ulilotaka kulipunguza.

Tatu, metali nzito haziendi popote. Viwanda vikimwaga risasi na kromiamu kwenye bomba la umma, zitabaki ndani ya tope lililokamuliwa. Hakuna polima itakayoziondoa. Dawa ya hilo iko mlangoni mwa kiwanda, kwa ukaguzi wa NEMA na kampuni ya maji, kabla majitaka hayajaingia kwenye bomba.

Tunaweza kujaribu nini?

Si lazima tusubiri mashine za mamilioni. Nakuru wameonyesha kwamba tope likikaushwa lina soko. Kampuni ya NAWASSCOAL inachukua tope la vyoo, inalikausha, inalichoma kuwa kaa na kulichanganya na vumbi la mbao na molasi kutengeneza makaa ya kupikia. Kwa kazi kama hiyo, adui mkubwa ni unyevu. Kila siku ambayo tope linakaa likisubiri jua ni siku ambayo makaa hayauzwi.

Upo pia utafiti wa dawa za asili. Mjini Dakar, Senegal, watafiti wakiwemo wa taasisi ya Uswisi ya Eawag walijaribu mbegu za mlonge na kitosani, dutu inayotengenezwa kutokana na magamba ya kamba na kaa, kwenye tope la vyoo. Zote zilisaidia maji kutoka. Ila mlonge ulihitajika kwa wingi mno ukilinganisha na kitosani, na hilo ni swali la biashara: nani atalima mlonge wa kutosha, na kwa bei gani? Nasi tuna Pwani yenye kamba na kaa, na mlonge unakua hadi kwenye ua wa nyumba. Kwa mwanafunzi wa kemia anayetafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, hapo pana kazi ya maana kuliko kunakili mradi wa mwaka jana.

Na tusisahau wale ambao hawako kwenye bomba kabisa. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya kaya nchini zilizounganishwa na bomba kuu la majitaka. Wengine wote wana vyoo vya shimo, septiki, au vya kugawana na majirani. Tope lao hufika mtamboni kwa lori, kama linafika. Kwao, kituo kidogo cha mtaani chenye tangi la kutilia dawa na vitanda vichache vya mchanga kinaweza kuwa cha maana kuliko bomba litakalofika miaka ishirini ijayo. Lori likimwaga karibu, safari inakuwa fupi, bei inashuka, na mtaro unapona.

Kituo kama hicho kinataka watu: wa kupima dozi, wa kuendesha pampu, wa kukagua minyoo kwenye maabara, wa kuuza kilichokauka. Tuna vijana wengi waliosomea kemia na uhandisi wa maji ambao leo wanaendesha boda au wanasubiri simu ya mahojiano. Kazi ya kuzoa taka mtoni ni ya miezi. Kazi ya tope haiishi, kwa sababu watu hawaachi kwenda choo.

Ulizeni haya

Kampuni ya maji hutoza ada ya majitaka kwenye bili. Iangalie, imo. Katiba nayo, Kifungu cha 43, inatupa haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Kwa hivyo kaunti itakapoita kikao cha kukusanya maoni kuhusu bomba jipya au mtambo mpya, au WASREB itakapotaka maoni kuhusu kupandishwa kwa bei ya maji, usiende kuuliza kuhusu bomba pekee. Uliza tope la mtambo huo litakuwa tani ngapi kwa siku, na litapelekwa wapi. Uliza litakaushwa kwa ardhi au kwa dawa. Ikiwa ni ardhi, ipo kwa jina la nani? Ikiwa ni dawa, bajeti yake ya mwaka wa tatu iko ukurasa gani? Nani atapima dozi siku ya Jumapili?

Mwaka wa kwanza wa mradi huwa na utepe, hotuba na kamera. Mashine inang'aa, magunia ya polima yamepangwa ukutani. Mwaka wa tatu mfadhili ameondoka, magunia yameisha, na ombi la kununua mengine limekwama kwenye meza ya mtu. Mashine inazimwa kwanza kwa wiki moja. Tope halisubiri wiki hiyo. Linaendelea kuja, saa ishirini na nne, kutoka kwa kila mmoja wetu, na lisipopata pa kwenda linajua njia ya mto.